Kongo kuhamia CECAFA? Maoni kutoka Boyoma (Kisangani)

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu Kongo kuhamia CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, umetaja sababu zote za kuhama isipokuwa ile kubwa: ramani. Tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kwenye mpira bado tuko UNIFFAC, umoja wa soka wa Afrika ya Kati, na akina Kameruni, Gabon na Chad. Mwaka 2019 klabu yetu ya TP Mazembe walikwenda Kigali kucheza Kombe la Kagame la klabu za CECAFA, ila kama waalikwa tu. Hadi lini?

Mimi nadhani tutahama, ingawa si kesho. Serikali za Kinshasa na Kigali hazisalimiani. Nani atakubali kupangwa kundi moja? (Na Kinshasa yenyewe hutazama magharibi, tusidanganyane.) Sisi wa Kisangani hesabu yetu ni nyingine. Kushuka mto hadi Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1,700. Ukiweka rula kwenye ramani, Kampala iko karibu nasi kuliko mji mkuu wetu. Hebu fikiria klabu yetu ya Malekesa wakiwapokea Simba ya Tanzania au Gor Mahia ya Kenya hapa Stade Lumumba! Watu wangepanda hadi mitini.

Wakubwa wa shirikisho letu la soka, FECOFA, kabla ya siasa, pigeni kwanza hesabu ya nauli.