Risala ya Wateja wa Faiba wa Arusha na Meru: Betri ya Akiba Ilipiwe na Mwenye Kisanduku

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mitaa,
Wawakilishi wa kampuni za mawasiliano,
Wateja wenzetu, mabibi na mabwana,

 

Sisi ni wateja wa intaneti ya nyumbani tunaoishi Njiro, Sakina, Moshono, Ngaramtoni, Tengeru na Usa River. Miongoni mwetu wamo waongoza watalii, walimu, wenye nyumba za wageni, mama anayepokea oda za keki kwa simu, wanafunzi wa vyuo na wastaafu wanaoongea na wajukuu walio ng'ambo. Kinachotuunganisha ni kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani, na betri iliyokufa ndani yake.

1. TULIKOTOKA

Ndugu Mgeni Rasmi, waliokula chumvi wanaikumbuka simu ya mezani. Umeme ulikatika, taa zikazimika, lakini ukinyanyua mkono wa simu mlio ulikuwepo palepale. Haukuwa muujiza. Waya wa shaba ulibeba sauti na umeme kwa pamoja, takriban volti 48, kutoka kituo cha simu. Kule kituoni kulikuwa na chumba kizima cha mabetri. Mabetri yale yalikuwa ya shirika, yalitunzwa na mafundi wa shirika, na yalipochakaa shirika ndilo lililoyabadilisha. Mteja alilipia simu yake, basi.

Faiba ni kioo. Hupitisha mwanga, haipitishi umeme. Kwa hiyo kisanduku kinachopokea mwanga huo nyumbani lazima kichomekwe kwenye soketi ya mteja, na umeme ukikatika kinazimika, labda kiwe na betri ya akiba. Hapo ndipo mzigo ulipohama. Kazi iliyokuwa ikifanywa na chumba cha mabetri cha kituoni imeletwa sebuleni kwetu, na hatukumbuki siku tuliyoitwa kikao kuijadili.

Hatuikatai faiba. Kasi yake tumeiona na faida yake tunaila. Tunachouliza ni kimoja: mzigo ulipohama, gharama yake nayo ilihamishwa na nani?

2. KERO ZETU

Kwanza, betri zinakufa mapema. Baadhi yetu tulifungiwa kisanduku chenye betri ndogo ya volti 12. Siku ya kwanza fundi alichomoa waya wa umeme mbele yetu, intaneti ikaendelea, tukapiga makofi. Baada ya miaka miwili au mitatu, umeme ukiyumba tu, kisanduku kinazima. Wenzetu wengine hawakufungiwa betri kabisa. Waliambiwa wakatafute yupiesi yao dukani.

Betri ya aina hii haifi kwa uzembe wa mwenye nyumba. Inachakaa kwa umri, kwa joto, na zaidi kwa kuishiwa chaji mara kwa mara hadi mwisho. Sasa angalia tunapoishi. Masika yakianza, miti ya migrevilea iliyopandwa kwenye mashamba ya kahawa na migomba miteremkoni mwa Meru huangukia nyaya. Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na nchi ikaingia gizani. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limetupa matumaini makubwa, na tunaishukuru Serikali. Lakini Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alieleza kuwa kusafirisha umeme kutoka kusini hadi mikoa yetu ya kaskazini hupoteza shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Umbali huo hatukuuchagua sisi. Kadiri umeme unavyokatika ndivyo betri inavyozeeka, na mteja hana swichi ya kuzuia lolote kati ya hayo.

Pili, tukilalamika tunajibiwa kuwa betri ni ya mteja. Mwenzetu mmoja alipiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa vifaa vyote vya kampuni viko salama isipokuwa betri, ambayo "ni yako, mama". Akauliza, je, siku nikihama? Akajibiwa arudishe kisanduku kizima kama kilivyo, kwa kuwa ni mali ya kampuni. Basi betri ni yake inapokufa, na ni ya kampuni inaporudishwa.

Tatu, tunalipa mara mbili. Ada ya mwezi imelipwa, haina kikomo cha matumizi. Umeme ukikatika saa nne, kijana mwenye mtihani mtandaoni ananunua bando la simu. Mwenye nyumba ya wageni ananunua bando ili asipoteze mgeni aliyekuwa akiulizia chumba. Na kwa kuwa mtaa mzima umekimbilia bando saa ileile, kasi inakuwa ya konokono.

Nne, tukiamua kununua wenyewe, tunaingia kwenye bahati nasibu. Betri mpya bei yake inakaribia ada ya mwezi mzima, na mteja wa kawaida hana kipimo cha kutofautisha betri nzima na iliyokaa kwenye boksi hadi ikachoka. Ile ya zamani nayo hatujui pa kuipeleka. Ina risasi na tindikali. Nyingine zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nyingine kwenye mifereji inayoingia mito yetu ya Themi na Naura, ambako kuna watu wanaomwagilia mboga.

3. HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki ina masikio mawili. Tumesikia hoja za kampuni, na tunazijibu.

Wanasema: hata betri za rimoti ya mita ya umeme ya LUKU mnanunua wenyewe. Ni kweli, na hatujawahi kuandika risala juu yake. Zile ni betri za redio, zipo duka lolote la mtaani, mtoto anazibadilisha. Tena zikiisha, umeme hauzimiki. Mtu anashindwa tu kuingiza tokeni. Betri ya kisanduku ikiisha, huduma yenyewe ndiyo inayokufa.

Wanasema: mna simu za mkononi. Tunazo. Lakini minara ya simu nayo ina mabetri chini yake, na hayo kampuni hununua bila kupitisha kofia mtaani. Betri iliyo mwanzo wa njia ni ya kampuni. Iliyo mwisho wa njia hiyohiyo imekuwaje ya mteja?

Wanasema: tukilipa sisi, ada itapanda. Huenda. Lakini betri ya kudumu miaka mitatu, ikigawanywa kwa miezi 36, ni kiasi kidogo kwa mwezi, na kampuni inayonunua maelfu hupata bei ambayo mnunuzi wa betri moja hawezi kuiota.

Swali la nani alipie betri limeulizwa hata kwa wenzetu wa ng'ambo. Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliziagiza kampuni za simu kumweleza mteja mapema na kumpa nafasi ya kupata akiba ya saa 8, baadaye saa 24, ila kwa gharama ya mteja mwenyewe. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwaka 2018 mdhibiti wao, Ofcom, alielekeza kuwa wateja walio hatarini wanaotegemea simu ya mezani wapewe bure njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Hivyo jibu halijaandikwa kwenye jiwe. Ni uamuzi, nasi tunaomba uamuzi wetu utokane na mila tunayoijua.

Huku mlimani, mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani ng'ombe mmoja amtunzie. Mtunzaji anakata majani, anasafisha zizi, anakunywa maziwa na samadi inakwenda migombani. Lakini ng'ombe ana mwenyewe. Akiugua, mtunzaji anatoa taarifa, na dawa ni ya mwenye ng'ombe. Mtunzaji analipa tu iwapo ameharibu kwa uzembe wake. Kisanduku cha faiba ni ng'ombe wa namna hiyo. Tumempa ukuta, tunamlisha umeme wa LUKU yetu, na maziwa yake tunayalipia kila mwezi. Leo tunaambiwa na dawa pia tununue.

4. MADAI YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima tunaomba utufikishie haya:

(i) Kisanduku kikiwa mali ya kampuni, betri yake nayo iwe mali ya kampuni, na kampuni iibadilishe bure inapochakaa kwa matumizi ya kawaida. Aliyeifungua, aliyeiunganisha na taa au kuimwagia maji alipe mwenyewe.

(ii) Mteja aliyeuziwa kisanduku moja kwa moja aambiwe kabla ya kulipa: betri inakaa saa ngapi, inatarajiwa kudumu miaka mingapi, na mpya ni shilingi ngapi.

(iii) Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa nguvu iliyonayo chini ya sheria ya mwaka 2010 na kanuni za mwaka 2018 za kumlinda mtumiaji na za ubora wa huduma, iweke muda wa chini wa akiba. Sisi tunapendekeza saa nne. Anayetaka zaidi, kama hoteli, ajiongezee kwa fedha yake.

(iv) Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 inaipa kazi ya kuangalia mikataba inayoandikwa na upande mmoja, isome kipengele cha betri katika mikataba yetu.

(v) Kampuni zikusanye betri zilizokufa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021 za taka za umeme na elektroniki. Fundi anayeleta mpya aondoke na ya zamani.

(vi) Wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa na watu wenye ulemavu wawe wa kwanza kubadilishiwa.

5. HITIMISHO

Hatujaja kugoma. Ada zetu tutaendelea kulipa, na mafundi watakaokuja tutawakaribisha chai. Tunaomba pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano litusaidie kulifuatilia jambo hili, na ndani ya siku 90 tupate majibu kwa maandishi, yakiwa ya kukubali au ya kukataa, ili tujue pa kuelekea.

Ng'ombe tutaendelea kumtunza. Dawa alete mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wateja wa intaneti ya faiba wa Arusha na Meru