Gia Inapoteleza: Pima Kabla ya Kulipa

Juma hili ukurasa wetu unatoka jikoni na kwenda uani, mahali linapoegeshwa gari. Najua wapo watakaosema kwamba habari za gari ni za fundi, si za nyumba. Lakini fedha ya kulitengeneza gari hutoka katika mfuko ule ule unaonunua posho na kulipa karo. Kwa hiyo ni habari ya baba, ni habari ya mama, na watoto nao inawahusu.

Nianze na kisa. Jirani yangu hapa Mbarara ni konstebo wa polisi. Ana Toyota Corolla ya miaka ya 1990, ile ambayo hapa Uganda imepewa jina la Kikumi, na giaboksi yake ni otomatiki. Mwishoni mwa Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, alikuwa akimpeleka mama yake Kabale. Walipokwisha kupita Ntungamo na vilima vikaanza, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari halikutaka kupanda. Kila alipokanyaga mafuta sauti ilizidi, mwendo haukuzidi. Walifika usiku, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani.

Aliporudi alimwona fundi. Fundi alilizungusha gari mara moja tu, akashuka na kutoa hukumu: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine, shilingi 1,200,000 pamoja na kazi.

Jioni ile alikuja kwangu yeye na mkewe. Wananiita Mwalimu, ingawa chaki niliiacha siku nyingi nikaingia ofisini. Akasema, "Mwalimu, nifanyeje? Fedha iliyopo ni karo ya watoto watatu."

Kabla sijajibu, mkewe aliuliza, "Baba Asiimwe, huyo fundi amekuonyesha kilichokufa?"

Afande akanyamaza. Hakuonyeshwa kitu.

Swali la mama yule ningependa liulizwe katika kila nyumba yenye gari. Ili tuweze kuliuliza vizuri, yatupasa kwanza kujua jambo lenyewe lilivyo.

Kwa nini gia huteleza

Katika gari la gia za mkono, mguu wa dereva ndio unaoachanisha injini na magurudumu kwa klachi. Katika gari la otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Ndani ya giaboksi zimo pleti nyembamba zilizopangwa mafungu mafungu. Pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta kwa nguvu, mafuta hubana fungu moja la pleti, nazo hushikana na kuzunguka pamoja. Gia ikibadilika, fungu hilo huachiliwa na jingine hubanwa.

Basi, gia huteleza kwa sababu mbili kubwa. Ama nguvu ya mafuta imepungua, pleti zikawa hazibanwi sawasawa. Ama pleti zenyewe zimelika, hata zikibanwa hazishikani. Ugonjwa wa kwanza mara nyingi huponywa kwa fedha kidogo. Wa pili ni wa kufungua giaboksi. Lakini ukiuacha ule wa kwanza, huzaa wa pili: pleti zinazoteleza hutoa joto, joto huunguza mafuta, na mafuta yaliyoungua huzidisha kuteleza.

Kupima mafuta

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Endesha gari mpaka giaboksi ipate moto. Liegeshe mahali palipo tambarare, vuta breki ya mkono, acha injini iwake. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia polepole katika nafasi zote, kutoka P hadi L, kisha urudishe P. Sasa chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Mafuta yafike katika alama za moto, si zile za baridi. Wako wanaopima injini ikiwa imezimwa, kama wapimavyo mafuta ya injini. Kwa giaboksi za Toyota kipimo hicho ni cha uongo.

Kisha tazama rangi na unuse. Mafuta mazima ni mekundu, na hayanuki vibaya. Yakiwa ya kahawia yamechoka. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, pleti zimekwisha kuumia. Yakifanana na chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani. Hapo usiliwashe tena gari mpaka litengenezwe.

Yakiwa yamepungua, ongeza kidogo kidogo kwa faneli, ukipima kila mara. Usizidishe, kwa maana mafuta yaliyozidi hufanya povu, na povu halina nguvu ya kubana pleti. Tena yawe mafuta ya aina ile iliyoamriwa na mtengenezaji. Aghalabu jina lake limeandikwa juu ya kijiti chenyewe: magari mengi ya zamani hudai Dexron, na yaliyofuata hudai aina nyingine. Magari mapya yenye giaboksi ya mkanda yana mafuta yake ya pekee, na hayo ya zamani ni sumu kwake. Mafuta ya injini yasitiwe katika giaboksi ya otomatiki hata siku moja.

Mwisho, uliza yalikokwenda. Giaboksi haili mafuta kama injini iliyochoka. Yakipungua, yanavuja.

Waya, taa na saa

Toyota nyingi za miaka ile zina waya unaotoka kwenye koo la hewa la injini, pale kikanyagio kinapofungulia hewa, na kuingia katika giaboksi. Kazi yake ni kuiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, ili nguvu ya mafuta iongezwe. Waya huo ukilegea, nguvu hupungua, gia hubadilika mapema mno na kuteleza mlimani. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame: kifungo kidogo kilichobanwa juu ya waya kisiachane na mdomo wa ala yake zaidi ya milimita 1. Kikiwa mbali, waya urekebishwe kwa nati zake mbili.

Katika zile ambazo gia zake huongozwa kwa umeme, iangalie taa ya O/D OFF. Ikipepesa yenyewe wakati wa safari, kompyuta imeona kasoro na kuiandika. Fundi anayejua kazi huunganisha tundu la TE1 na la E1 katika kisanduku kilicho chini ya boneti, kisha huhesabu mipepeso. Namba 42 na 61 ni za vipimo vya mwendo. 62, 63 na 64 ni za vali za umeme. Kubadilisha vali moja si sawa na kubadilisha giaboksi nzima.

Kipimo kingine ni cha saa. Gari likiwa moto na breki zimeshikwa, toa gia N uitie D, uhesabu mpaka utakapohisi mshtuko mdogo wa gari kushika. Kwa Toyota nyingi isizidi sekunde 1.2, kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara. Ikichelewa, nguvu ya mafuta ni haba au pleti zimelika.

Fundi aweza pia kulizuia gari kwa breki zote na vigingi vya magurudumu, atie D, akanyage mafuta mpaka chini, na kusoma mzunguko wa injini. Asizidishe sekunde 5, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Mzunguko ukipita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kwa D na kwa R pia, nguvu ya mafuta yote ni ndogo. Ukipita kwa moja tu, ni fungu fulani la pleti. Kazi hii si ya kujaribiwa uani penye watoto.

Tuliyoyaona

Asubuhi ya Jumamosi tulifungua boneti mbele ya fundi mwingine. Mafuta yaligusa ncha ya kijiti tu. Rangi ilikuwa nyekundu iliyofifia, bila harufu ya kuungua. Mpira unaopeleka mafuta kwenye rejeta kupozwa ulikuwa umepasuka karibu na klipu, na chini yake palikuwa na utandu wa mafuta na vumbi. Na ule waya ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ndipo afande alipokumbuka kwamba mwezi wa Desemba alisafishiwa koo la hewa gereji, na tangu hapo gia ilibadilika upesi upesi.

Tulinunua mpira na klipu mbili, mafuta ya zamani yakamwagwa na mapya yakatiwa, waya ukakazwa. Ikumbukwe kwamba kwa kufungua nati ya chini hutoka sehemu tu ya mafuta, mengine hubaki ndani. Kwa hiyo pima upya, usikisie. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya fedha ile. Watoto wakaenda shule siku ya kwanza, na juma lililofuata gari likapanda tena vilima vya Kabale.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji. Shemeji yangu, ambaye ni askari wa jeshi, alisikia kisa hiki akabadilisha mafuta ya gari lake, ingawa yalikuwa meusi na yananuka. Lilikwenda wiki mbili, likakata tamaa. Giaboksi ilipofunguliwa, pleti hazikuwa na ngozi. Kwake yeye mafuta mapya yalikuwa dawa ya kumpaka maiti.

Ikibidi kufungua

Fundi akisema ni pleti, mwombe ashushe kibakuli cha chini mbele yako. Utandu wa kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma, unga wa shaba, au magamba meusi ya pleti ni ushahidi. Ukinunua giaboksi iliyokwisha tumika, hakikisha namba yake inalingana na ile iliyo kwenye kibati chini ya boneti, penye neno TRANS/AXLE. Mirija ya rejeta isafishwe, ama sivyo uchafu wa ile ya zamani utaiua mpya. Makubaliano yaandikwe, na kilichotolewa urudi nacho nyumbani.

Na ikiwa gia itateleza njiani, usishindane nayo. Kaa pembeni, acha gari lipoe, kisha jaribu gia ya chini bila kukanyaga sana. Gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele lisiburutwe kwa kamba. Liinuliwe mbele au lipakiwe, maana injini ikizimwa pampu haizunguki, na ndani ya giaboksi huwa pakavu.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Gari lenye tone jekundu chini yake kila asubuhi limekwisha kusema maradhi yake. Mtoto afagiaye uwanja aweza kuliona kabla ya dereva. Naye akisema, asikilizwe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki.