Kanuni ya Kadi Iwe na Maana Moja

Miongoni mwa mbinu za kufundishia zinazowafaa walimu wa shule za msingi, mchezo wa kadi una nafasi ya pekee. Gharama yake ni ndogo, kwani maboksi makuukuu, mkasi na kalamu ya wino hutosha. Watoto huupenda, na hata yule asiyenyosha mkono darasani hushiriki. Lakini aghalabu mchezo huvunjika kabla ya kipindi kwisha, kwa sababu kanuni iliyoandikwa kwenye kadi yaweza kusomwa kwa njia mbili au tatu. Wanafunzi hugombana, mwalimu hutoa uamuzi kwa mdomo, kisha mchezo huendelea.

Maoni yangu ni kwamba uamuzi huo wa mdomo hautoshi. Kadi yenye utata haina budi kuandikwa upya, kwa maana maneno ya mwalimu huisha pamoja na kipindi, ilhali kadi hubaki na utata wake.

Tuchukue mfano wa somo la afya katika shule iliyo ufukoni mwa Ziwa Viktoria, tuseme Kigongo, wilayani Misungwi. Mwanachuo aliyepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha ataka watoto wajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari, ambayo mgonjwa wa kuharisha hupewa nyumbani ili asipungukiwe na maji mwilini, wakati anapopelekwa zahanati au anaposubiri pakiti za dawa zilizopimwa tayari. Kipimo chake chajulikana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Basi anatengeneza kadi za maji, za sukari na za chumvi. Kila kadi ya sukari ni kijiko 1. Kila kadi ya chumvi ni nusu kijiko. Mshindi ni yule atakayekuwa wa kwanza kukamilisha dawa. Kisha, juu ya mojawapo ya kadi za maagizo, anaandika: "Chukua kadi mbili za sukari na chumvi."

Mtoto wa kwanza atachukua kadi moja ya sukari na moja ya chumvi, jumla mbili. Wa pili atachukua mbili za sukari na mbili za chumvi. Wa tatu atachukua mbili za sukari na moja ya chumvi. Wote watatu wamesoma Kiswahili sawasawa, na hakuna aliyekosea. Lakini yule wa pili ana kijiko kizima cha chumvi, yaani maradufu ya kipimo. Mezani, hasara yake ni kushindwa mchezo. Nyumbani, akimchanganyia mdogo wake anayeharisha, chumvi iliyozidi yaweza kumdhuru mgonjwa, na sukari iliyozidi mno yaweza kuongeza kuharisha kwenyewe. Kwa hiyo yafaa kadi iseme: "Chukua kadi mbili: moja ya sukari na moja ya chumvi." Tena kanuni za mchezo ziongeze: "Mwenye zaidi ya kadi moja ya chumvi katika dawa yake ameiharibu."

Utata hauko katika hesabu peke yake. Kadi iliyoandikwa "Maji" bila neno jingine, kwa mtoto wa ufukoni, ni maji yoyote, pamoja na yale yaliyotekwa ziwani sasa hivi. Iandikwe "Maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1." Neno "kijiko" laweza kuwa kijiko cha chai au cha chakula, kilichosawazishwa au chenye kilima. Neno "chupa" laweza kuwa chupa ya soda au chupa ya lita nzima. Hali kadhalika kanuni hii: "Mchezaji akimpa mwenzake kadi yake, atakosa zamu yake." Ni nani atakayekosa zamu, mtoaji au mpokeaji? Lugha yetu hairuhusu neno "yake" kujibu swali hilo peke yake. Iandikwe: "Aliyetoa kadi ndiye atakayekosa zamu."

Wachezaji wa karata wamelitambua jambo hili zamani. Katika mchezo wa pwani uitwao wahedi wa sitini, ree huhesabiwa 11, saba 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3 na mzungu wa pili 2. Hiyo ni 30 kwa kila aina ya karata, na kwa aina nne ni 120. Jina la mchezo lenyewe, yaani sitini na moja, ndilo kanuni ya ushindi, na majina ya wale wazungu watatu ndiyo hesabu yao. Hakuna nafasi ya ubishi.

Baadhi ya walimu watasema kuwa ubishi ni mzuri, kwa sababu humfundisha mtoto kujadiliana na kutoa hoja. Sikatai. Katika mchezo wa kujifurahisha, watoto na waachwe wapatane wenyewe juu ya kanuni. Lakini kadi inayobeba kipimo cha dawa haipaswi kuamuliwa kwa wingi wa sauti, kwani wengi wakikubaliana juu ya kipimo kibaya, hakigeuki kuwa kizuri. Mjadala ufanywe, lakini mwisho wake uwe ni kusahihisha kadi.

Tunaweza kujifunza kwa wenzetu wa Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980, kwa muda wa miaka kumi hivi, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha dawa hii, na zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa. Hawakusema "tia chumvi kidogo". Walifundisha kiasi kinachoshikwa kwa vidole vitatu, na wakaonyesha mahali pa kuishia juu ya kidole. Zaidi ya hayo, malipo ya mfundishaji yalitegemea jinsi akina mama walivyokumbuka na kutengeneza dawa, si idadi ya nyumba alizopita. Yaani, kipimo cha maelezo ni kile alichokielewa msikilizaji.

Mwanachuo anaweza kufuata njia hiyo hiyo. Kwanza, kabla ya kipindi, ampe kadi mtu ambaye hakusikia maelezo yake, amtazame akicheza bila kumsaidia. Pili, agawe darasa katika makundi mawili yasiyosikilizana. Makundi yakicheza tofauti, kosa ni la kadi wala si la watoto. Tatu, kila ubishi unaotokea auandike, na siku hiyo hiyo abadilishe maneno ya kadi. Nne, aandike mfano mmoja chini ya kila kanuni ngumu, kwa kuwa mfano mfupi huondoa utata kuliko sentensi ndefu.

Tukumbuke pia kwamba vifaa vya kufundishia husafiri. Kadi zilizotungwa Kigongo zaweza kuazimwa na shule ya Busisi, ng'ambo ya ghuba, ambako tangu Juni 2025 hufikiwa kwa daraja. Mwalimu aliyezitunga hatakuwapo huko kueleza alichokusudia, na atakapomaliza mazoezi yake hatakuwapo hata Kigongo. Kadi itajieleza yenyewe, au itapotosha yenyewe. Mwalimu mwema huandika kwa ajili ya darasa ambalo hatalifundisha kamwe.