Kuunga Udugu kwa Njia ya Anga



Mwezi huu twapenda kuwapeleka katika miji ambayo majina yake tumeyasikia tangu utotoni, bali ni wachache kati yetu wanaojua yaliyopita huko katika zama zetu hizi. Nani asiyemjua Imam Bukhari? Alizaliwa Bukhara mwaka 194 wa Hijra (810), akafariki mwaka 256 (870) katika kijiji cha Khartang, karibu na Samarkand, na kaburi lake lazuriwa hata leo. Naye Imam Tirmidhi ni mtu wa Termez, kando ya mto Amu Darya. Miji hii yote imo katika nchi ya Uzbekistan.

Jirani yake ni Tajikistan, na mji wake mkuu ni Dushanbe. Wengi wa watu wa nchi mbili hizi ni Waislamu, nao wameoana tangu zamani. Hata Samarkand na Bukhara wako wengi wasemao Kitajiki majumbani mwao. Mipaka yao ilichorwa na serikali ya Kisovieti kuanzia mwaka 1924, lakini watu waliendelea kutembeleana. Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991, mistari ya ramani iligeuka kuwa malango yenye kufuli.

Tazameni basi yaliyotokea. Kutoka Dushanbe hadi Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, ni mwendo wa ndege wa saa moja hivi. Lakini mwaka 1992 safari hizo zilikatika, na baadaye serikali mbili zikagombana juu ya maji ya mito na bwawa la Rogun. Aliyetaka kumzika jamaa yake alikuwa akiruka kwanza hadi Khujand, kaskazini ya Tajikistan, kisha akapanda gari mpaka mpakani, na viza mkononi. Panjakent nako, kilometa 60 hivi kutoka Samarkand, lango la mpaka lilifungwa mwaka 2010.

Baada ya kufariki Rais Karimov wa Uzbekistan mwaka 2016, mambo yalianza kulainika. Aprili 2017 ndege ya Somon Air, shirika la Dushanbe lililoanza kuruka mwaka 2008, ilitua Tashkent na kuifungua tena njia ile. Machi 2018 lango la Panjakent likafunguliwa, na viza ikaondolewa kwa ziara zisizozidi siku 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ndege zilipokatika alikuwa mtu mzima wa miaka 25 ziliporudi!

Vijana wetu wapendao safari husifu mashirika makubwa yanayovuka bahari, na majina kama Somon Air huyapita bila kuyatazama. Sisi twaona kuwa ndege ifupishayo njia ya mtu kwenda kumwamkia mama yake ina heshima yake. Atakayejaaliwa kuzuru nchi hizo na ashuke Tashkent, apande gari la moshi hadi Samarkand na Bukhara, kisha aruke kwenda Dushanbe. Lakini atazame mapema siku za safari, kwani si kila njia ina ndege kila siku.

Imam Bukhari mwenyewe alitunga kitabu cha adabu, Al-Adab al-Mufrad, akakianza kwa milango ya kuwatendea wema wazazi, kisha ikafuata ya kuunga udugu. Ajabu ni kwamba katika nchi ile ile aliyozaliwa, watu walizuiliwa miaka mingi kulitenda jambo hilo, nao hawakuwa na hila.

Sisi je, tuna udhuru gani? Hatuna lango lililofungwa wala viza ya kuomba, na pengine shangazi yetu yu mtaa wa pili. Tumemkatia mguu kwa sababu ya urithi, au ya neno lililosemwa arusini. Mipaka ya namna hii tumeichora wenyewe, na kuifuta ni juu yetu. Basi kila nyumba na itaje usiku huu jamaa mmoja aliyesahauliwa, na kabla ya Ijumaa ijayo aendewe na watoto, wakamjue.

Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo zetu. Amin.