Chakula cha Njiani na Barafu ya Maziwa

Mtu akirudi nyumbani kutoka safari ya mapumziko, watoto hawamwulizi kwanza habari za majengo marefu wala za barabara za lami. Humwuliza alikula nini. Na watoto wenyewe wakichukuliwa safarini, mambo watakayowasimulia wenzao shuleni ni samaki mkubwa aliyefunika sahani nzima, na aiskrimu iliyowayeyukia mkononi kabla hawajaimaliza. Mambo ya ulimi hukaa moyoni muda mrefu kuliko mambo ya macho. Kwa hiyo si upuuzi kulitazama jambo hili kwa makini, hasa kwa watu wa Ogwedhi na vijiji vya jirani, ambao fedha za safari huzipata kwa kuuza ng'ombe, mahindi au miwa, au kwa kuweka akiba kidogo kidogo katika mshahara wa mwezi.

Ogwedhi iko upande wa Migori unaokaribiana na Narok, na sokoni hapo Wajaluo, Wamaasai, Wakuria na Wakisii huonana. Wanaozozana juu ya malisho au ng'ombe waliopotea wakati mwingine huketi katika benchi moja la kibanda cha chakula, mmoja akinywa chai ya maziwa na mandazi, mwingine akila ugali kwa supu ya mifupa. Vibanda hivyo Kenya nzima huitwa hoteli, hata kama havina kitanda hata kimoja. Asiyejua jambo hilo akaomba chumba cha kulala atachekwa. Lakini jina hilo lina maana yake: hoteli ni mahali ambapo mtu asiye wa ukoo wako hukuandalia chakula, ukakila bila ya kuulizwa baba yako ni nani, mradi tu una fedha ya kulipa.

Njia ya ziwani

Jamaa wanaotoka Ogwedhi kwenda kupumzika mara nyingi hupitia mji wa Migori, kisha huifuata barabara kuu ya kwenda kaskazini hadi Awendo, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kilichoanzishwa katika miaka ya 1970. Wakifika Rongo, wenye haja ya Kisii na Nairobi huendelea mbele, na wenye hamu ya samaki hugeuka kushoto kuelekea Homa Bay.

Samaki wa Homa Bay hana haja ya kusifiwa. Mgeni huonyeshwa samaki wazima, akachagua mmoja, naye akakaangwa katika mafuta mengi mpaka ngozi ikauke, au akatiwa nyanya na vitunguu akawa na mchuzi. Huletwa pamoja na ugali na mboga chungu kidogo kama osuga, au apoth inayoteleza. Kabla ya hayo huja birika la maji ya uvuguvugu na beseni, kila mtu akanawa. Kisu na uma havihitajiki. Mikono ndiyo ijuayo mwiba ulipo.

Yafaa hata hivyo msafiri ajue anakula nini. Ngege wa asili, aliyewalisha wazee wa zamani, amekuwa haba sana katika ziwa lenyewe. Yule anayeletwa sahani leo kwa jina hilohilo kwa kawaida ni nyamami, samaki wa jamii yake aliyeletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Wakati uo huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliletwa na mbuta, samaki mkubwa mwenye kula samaki wenzake. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameongezeka mno, na aina nyingi za samaki wadogo wa asili zikatoweka au zikawa adimu. Viwanda vikajengwa, minofu ya mbuta ikapelekwa ng'ambo, na mifupa iliyobaki ikauzwa kwa wenyeji, ikakaangwa na kuliwa. Watu wakaiita mgongo wazi. Mtaa wa Obunga mjini Kisumu ulijulikana sana kwa biashara hiyo. Siku hizi wako pia samaki wanaofugwa katika vizimba ndani ya ziwa, na wengine huja wamegandishwa kutoka China. Mlaji ana haki ya kuuliza samaki wake ametoka wapi, na mwenye hoteli aliye mwaminifu hataona haya kujibu.

Kijiji kilichozama

Kutoka Homa Bay barabara hupita kando ya ziwa hadi Kendu Bay. Karibu na mji huo liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Wataalamu wa miamba husema shimo lake ni kazi ya volkano ya kale. Wazee wana maelezo mengine. Wasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji cha watu wenye neema, na usiku mmoja walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akaja bikizee mmoja mgeni, mchovu na mwenye njaa, akaomba mahali pa kupumzika. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, naye akaonywa aondoke upesi. Kisha maji yakaja, kijiji kikazama pamoja na karamu yake.

Msafiri aliyeshiba samaki hufanya vema kusimama hapo kidogo. Hadithi hiyo si ya watoto peke yao. Yafundisha kwamba chakula alichonyimwa mtu hakisahauliki, na kwamba karamu isiyo na nafasi ya mgeni ina hatari ndani yake.

Kenya iliwahi kuwa na karamu ya namna hiyo. Wakati wa utawala wa Waingereza hoteli nyingi kubwa zilikuwa za Wazungu tu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe na mkanda, amebeba sinia. Alijua majina ya vyakula vyote, akajua ni divai ipi hunywewa na nyama ipi, lakini hakuruhusiwa kuvuta kiti na kuketi. Hata karani msomi, mwenye suti na fedha mfukoni, aliambiwa hapana nafasi huku akiviona viti vitupu kwa macho yake. Ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka ya 1950, na baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 haukuweza tena kutajwa hadharani kama sheria ya mahali. Wako wazee ambao hata leo wakiingia hoteli kubwa husita kidogo mlangoni. Wajukuu hucheka, wakidhani babu anaogopa bei. Haogopi bei.

Meza moja

Lakini haifai kulaumu wageni peke yao. Nyumbani nako kulikuwa na meza zilizofungwa. Kwa desturi ya zamani ya Wajaluo, wanaume walikula katika duol, nyumba ya mwenye boma, na wanawake pamoja na watoto wadogo wakala jikoni. Mwanamke hakula kuku wala mayai. Alimfuga kuku, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika, akamnusa muda wote wa mapishi, kisha akambeba mpaka kwa wanaume na kurudi kwa mboga zake. Sababu nyingi zilitolewa. Daktari wa leo hataikubali hata moja, kwa maana mama mwenye mimba na anayenyonyesha ndiye hasa mwenye haja ya yai na nyama.

Desturi hiyo imepungua sana, na wengi husema ni shule, kanisa na hospitali zilizoipunguza. Ni kweli. Lakini hoteli nayo ilisaidia bila kuhubiri. Jamaa wakiingia hotelini safarini, hakuna duol wala jiko la kuwatenga. Iko meza moja, na viti vinne au sita. Mtumishi huja na kumwuliza kila mtu, "Wewe utakula nini?" Huenda kwa mama wa makamo hiyo ikawa mara ya kwanza maishani mwake kuulizwa swali hilo na mtu anayengoja jibu kwa kweli. Akisema "kuku," basi ataletewa kuku, na mumewe aliye mbele yake ataona kwamba mbingu hazikuanguka.

Hapo ndipo penye faida kubwa ya chakula cha safarini. Baba mwenye busara hatatoa oda kwa niaba ya wote kama anayegawa mbegu. Atamwacha mkewe achague, atawaacha na watoto wachague kwa kiasi cha fedha iliyopo. Na wakirudi Ogwedhi, swali lile lisiachwe hotelini.

Barafu ya maziwa

Baada ya chakula kuna jambo ambalo watoto hulingoja kwa subira kidogo sana. Mjini Kisumu, na katika miji mingi, huenda wakasikia kengele ya baiskeli yenye sanduku la baridi, au wakaona mashine dukani ikiviringisha aiskrimu nyeupe juu ya koni. Wazee huiita barafu ya maziwa, na jina hilo laeleza vizuri. Ni maziwa, malai na sukari, vilivyogandishwa huku vikikorogwa bila kupumzika. Kukoroga ndiko siri yake. Pasipo kukoroga, maji yaliyo katika maziwa huganda vipande vikubwa, nayo huwa ngumu kama jiwe. Yakikorogwa, vipande huwa vidogo mno, na hewa huingia ndani, ikawa laini. Kwa hiyo anayenunua aiskrimu hununua na hewa pia, wakati mwingine karibu nusu ya kipimo chake.

Kabla ya mashine za umeme, watu walitumia barafu na chumvi. Chumvi ikichanganywa na barafu huifanya iyeyuke huku baridi yake ikizidi, hata ikashuka chini sana kuliko barafu ya kawaida. Chombo cha maziwa kikizungushiwa mchanganyiko huo na kukorogwa, maziwa huganda. Mwaka 1843 mwanamke mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alipewa hati ya uvumbuzi kwa chombo cha kuzungushwa kwa mkono kinachofanya kazi hiyo. Nayo koni ya kuliwa ilipata sifa kubwa katika maonyesho ya mji wa St. Louis mwaka 1904.

Mkulima wa Ogwedhi yampasa aitazame koni hiyo kwa jicho la biashara. Maziwa ni kitu anachokijua. Sukari yaweza kuwa imetoka katika miwa ya Awendo, labda ya shamba la shemeji yake. Mbona basi anavinunua kwa bei kubwa namna hii? Jibu ni baridi. Maziwa ya asubuhi yasipopata baridi wala mnunuzi, jioni yamekwisha chacha. Aliye na baridi huyauza kesho na mwezi ujao. Wafugaji wakiungana katika chama, wakapata tangi la kupozea na gari la kuyafikisha mjini kwa wakati, sehemu ya bei hiyo yaweza kubaki kwao. Jambo hili baba aweza kuwaeleza watoto wakati wanalamba koni zao, nao watalielewa vyema kuliko darasani.

Aidha, iko hadhari. Aiskrimu iliyoyeyuka kisha ikagandishwa tena huwa na chembechembe za barafu zinazosikika menoni. Hiyo yafaa kuachwa, maana vijidudu huongezeka ilipokuwa imeyeyuka. Na anayetaka kuitengeneza nyumbani achemshe maziwa kwanza. Maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa uleule unaowatupisha ng'ombe mimba, ambao kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo.

Kabla ya kuketi

Mwisho ni habari ya fedha, kwa sababu safari nyingi njema zimeharibiwa na ugomvi mbele ya mwenye hoteli. Bei ya samaki huulizwa kabla hajatiwa katika mafuta, si baada ya kuliwa. Hoteli huchaguliwa kwa kutazama kwanza maji ya kunawa na wingi wa walaji. Penye walaji wengi chakula hakilali. Nyoyo au viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani vyafaa kubebwa kwa njaa ya njiani, ili fedha ya hoteli itumiwe mara moja na vizuri, isimalizwe kwa biskuti na soda katika kila kituo cha matatu. Na fedha ya aiskrimu ya watoto itengwe tangu nyumbani, isiguswe, maana mtoto aliyeahidiwa hulala akiihesabu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni anasa, na kwamba fedha hizo zingenunua mbolea. Mbolea hainunuliwi kwa bei ya koni nne. Lakini mke aliyeulizwa siku moja atakula nini, akajibu na akasikilizwa, na mtoto aliyejua kwa nini maziwa ya baba yake ni rahisi na aiskrimu ni ghali, hao wamepata kitu kitakachodumu msimu mwingi. Wahenga walisema, kizuri kula na nduguyo. Nao walio katika boma moja ndio ndugu wa kwanza.