Haki isiyofika Jibondo

Makamanda, tusidanganyane. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, lakini haimruhusu kumsemea mtu mahakamani. Mie nasomea sheria. Hapa Kilindoni nawasaidia watu kuandika madai na kupanga vielelezo. Mlangoni ndo mwisho wangu. Ndani, mama aliyetoka Jibondo kwa mashua anapambana peke yake na wakili wa tajiri. Akishindwa Mahakama ya Wilaya, rufaa ya Mahakama Kuu ni boti hadi Nyamisati, halafu basi. Nauli ya nani?

Kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais, iliyozinduliwa 2023, inapiga kambi siku chache, inaondoka. Kesi inabaki. Tunataka wakili wa kudumu, analipwa na serikali, kila wilaya. Haki si fadhila ya mtu. Ni kodi yetu.