Kanisa na Kura ya Siri



Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, maaskofu na wachungaji hutoa barua za kuuliza kama kura itakuwa ya haki, na kila mara wako watu wa kuwajibu warudi mimbarini wakahubiri. Hata kati yetu wako wasemao hivyo. Safari hii, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, twaomba mtu asiseme hivyo mpaka akumbuke habari za mlolongo.

Vijana wetu wengi hawakuuona, basi tueleze. Mwaka 1986 KANU, iliyokuwa chama pekee kwa sheria tangu 1982, iliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea hakutakuwa na karatasi ya kura. Mpiga kura alisimama uwanjani mchana kweupe, nyuma ya mgombea au wakala mwenye picha yake, akahesabiwa kama ng'ombe waingiao joshoni. Mgombea aliyepata asilimia 70 alikwenda Bungeni bila kupingwa tena. Na foleni ikishavunjika, watu wamekwenda zao, hapakuwa na kitu cha kuhesabu mara ya pili. Lilibaki neno la afisa tu.

Watu wa kanisa walipaza sauti mapema. Mwezi wa Agosti 1986 wachungaji wa Baraza la Makanisa, NCCK, walikutana wakasema kwamba Wakristo wengi hawatakwenda kwenye foleni hiyo. Mwezi wa Novemba maaskofu Wakatoliki nao wakamwandikia Rais Moi. Hoja ya wachungaji ilikuwa rahisi: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawahubiri vipi waliosimama nyuma ya yule mwingine?

Ni hoja ya kweli, lakini mwenye taabu kubwa hakuwa mchungaji. Yeye aliweza kukaa nyumbani kwake. Kibarua wa shamba la chai, alalaye katika nyumba ya kampuni, na msimamizi wake yupo pale pale akitazama nani yuko nyuma ya nani, huyo angefanyaje? Karani je? Mwalimu je? Kura yake na ugali wa watoto wake viliwekwa kwenye mizani moja. Kwa hiyo twasema ile ilikuwa kesi ya mfanya kazi, ingawa aliyeisimamia ni kanisa.

Uteuzi wa Februari 1988 ulipofika, watu waliona foleni fupi zikitangazwa kuwa ndefu. Gazeti la NCCK, Beyond, liliandika habari hizo bila kuficha. Mwezi wa Machi likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Kosa aliloshtakiwa? Kutopeleka serikalini hesabu za mauzo ya gazeti. Sisi tuchapao karatasi hizi twalielewa jambo hilo. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, mmoja wa wapinzani wa mlolongo, alionywa mwaka 1990 asikanyage Busia, na aliyemwonya alikuwa Waziri wa Kazi, Peter Okondo. Askofu alikwenda, akafa katika ajali ya gari akirudi, tarehe 14 Agosti 1990. Waziri akajiuzulu. Mwisho wa mwaka ule ule KANU ikauacha mlolongo.

Leo kifungu cha 81 cha Katiba ya 2010 chaagiza kura ya siri. Kwa kuwa karatasi na fomu zipo, Mahakama ya Juu iliweza mwaka 2017 kuzichunguza na kuufuta uchaguzi wa urais. Lakini tume izishikayo, IEBC, ilikaa tangu mapema 2023 hadi Julai 2025 bila mwenyekiti wala makamishna. Makanisa yakiuliza habari za tume hiyo, yanauliza ni nani mwenye ufunguo wa sanduku, na hilo ni swali letu pia.

Wala hatusemi kanisa ni malaika. Wanasiasa wamemwaga fedha za harambee makanisani miaka mingi na zikapokewa kwa vigelegele. Ndiyo maana tulifurahi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoikataa sadaka aliyoitoa Rais katika kanisa la Soweto. Wengine wafanye vivyo hivyo kabla ya kuandika barua nyingine.

Tena mlolongo waweza kurudi bila foleni. Yuko atakayekuja kazini na daftari akitaka nambari za vitambulisho. Yuko atakayemtaka mtu aipige picha kwa simu karatasi yake ya kura, ndipo alipwe. Mwanachama asitoe nambari yake wala picha hiyo, hata anayetaka akiwa ni nyapara, bwana mkubwa, au mzee wa kanisa. Na apeleke habari kwa katibu wa tawi siku ile ile, akitaja mahali na saa.